Mwanafunzi wa sheria na kesi za maslahi ya umma China: uende au usiende?

SWALI: Shikamoo wakili. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya sheria hapa Dar es Salaam. Nimesoma Kichina na nimefaulu mtihani wa HSK ngazi ya nne. Nikimaliza, huenda nikapata ufadhili wa kusoma uzamili China. Ningependa wakati wa likizo za huko nifanye mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi inayotetea wanyonge, iwe ya wafanyakazi, ya wanawake au ya mazingira. Wenzangu wananishangaa, wanasema mawakili wa aina hiyo China wote wako jela. Je, jambo hili linawezekana? Nikifika nitafanya kazi gani hasa? Na nitakachojifunza kitanifaa nini nikirudi nyumbani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Linawezekana, na ningependa sana uende. Ila wenzako hawajakosea kabisa, kwa hiyo nianze na hilo la jela. Usipolielewa utafika kule usijue kutofautisha ofisi inayoweza kukupokea kwa amani na ofisi ambayo kukanyaga kwako mlangoni tu kunaitia matatani.

Nilisoma uzamili China, nikafanya mafunzo katika kituo kimoja cha msaada wa sheria cha huko, na tangu nirudi nimekuwa nikiwaandaa vijana wanaokwenda. Ninayokuambia ni niliyoyaona, pamoja na waliyonisimulia wao waliporudi.

Machi 2003, Sun Zhigang, kijana wa miaka 27 aliyekuwa msanifu wa michoro, alikamatwa mjini Guangzhou kwa kukosa kibali cha ukaazi wa muda. Siku tatu baadaye alikuwa amekufa kwa kipigo akiwa kizuizini. Mwezi Mei walimu watatu wa sheria, Xu Zhiyong, Teng Biao na Yu Jiang, waliiandikia Kamati ya Kudumu ya Bunge la Umma la Taifa. Waliiomba ipime kama kanuni zilizoruhusu polisi kuwazuia wahamiaji wa ndani na kuwarudisha makwao zinapatana na Katiba na sheria za nchi. Juni mwaka huo huo serikali ikazifuta kanuni hizo. Utakuta kesi hii inatajwa karibu kila mahali, kwa sababu ilionyesha kizazi kizima cha mawakili wa China kwamba sheria iliyoandikwa na dola inaweza kushikwa na raia wa kawaida na ikafanya kazi.

Vituo vyenyewe vilikuwepo kabla ya hapo. Chuo Kikuu cha Wuhan kilianzisha kituo cha kulinda haki za wanyonge mwaka 1992, na mwanzilishi wake, Wan Exiang, baadaye alikuwa naibu mkuu wa Mahakama ya Juu ya Watu. Mwaka 1995, mwaka wa mkutano wa wanawake wa dunia wa Beijing, Guo Jianmei na wenzake walifungua kituo cha sheria cha wanawake ndani ya Chuo Kikuu cha Peking. Mwaka 1998 Profesa Wang Canfa alianzisha kituo cha kuwasaidia waathirika wa uchafuzi wa mazingira. Mwaka 1999 wakili Tong Lihua alianzisha kituo cha watoto, na 2005 akaongeza cha wafanyakazi wahamiaji, chini ya jina la Zhicheng. Kuanzia 2000, kwa fedha za Ford Foundation, vyuo saba vya sheria vilianza kliniki za sheria ambako wanafunzi walihudumia wateja halisi. Hiyo ndiyo miaka wanafunzi wa kigeni, hasa Wamarekani, walipokuwa wakienda kila majira ya joto na kukaa kwenye madawati ya vituo hivyo.

Kisha milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Gongmeng, shirika lililotokana na wale walimu wa kesi ya Sun Zhigang, lilifungwa Julai 2009 kwa hoja za kodi. Chuo cha Peking kilikata uhusiano na kituo cha wanawake mwaka 2010, na warithi wake wakafunga ofisi mwanzoni mwa 2016. Yirenping, shirika lililopigania watu wenye homa ya ini B wasinyimwe kazi, lilivamiwa Machi 2015. Julai 9 mwaka huo ulianza msako uliowagusa mawakili, wasaidizi wao na wanaharakati wapatao 300. Wengi walihojiwa na kuachiwa, wengine walifungwa miaka mingi. Xu Zhiyong mwenyewe alihukumiwa miaka 14 mwezi Aprili 2023.

Kwa hiyo mnapobishana bwenini, pande zote mbili zina la kushika. Wapo waliofungwa, na ni watu wa kuheshimiwa. Wapo pia maelfu ambao kila siku wanadai mishahara ya mafundi ujenzi, fidia za vidole vilivyokatwa na mashine, talaka za wanawake wanaopigwa, na mito iliyotiwa sumu. Hawa wa pili wamejifunza kufanya kazi ndani ya njia ambazo dola imeziacha wazi. Tong Lihua alikuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Chama cha Kikomunisti mwaka 2012. Nakuomba usiwadharau kwa hilo. Nimewaona wakipigania mshahara wa mtu mmoja kwa bidii ambayo sijaiona kwenye kesi nyingi kubwa za hapa kwetu. Hao ndio unaoweza kwenda kujifunza kwao.

Sasa kazi yenyewe. Nichukue kesi za mishahara, kwa kuwa ndizo utakazozielewa haraka na ndizo nyingi. China ina wafanyakazi wahamiaji wa ndani karibu milioni 300, watu waliosajiliwa vijijini wanaofanya kazi mijini. Kwenye ujenzi, kampuni kubwa inampa kazi mkandarasi mdogo, naye anampa mdogo zaidi, hadi mwisho fundi anaajiriwa na mtu anayemjua kwa jina la utani tu. Mtu huyo akitoroka, fundi anabaki bila mshahara na bila mkataba. Wiki za kuelekea mwaka mpya wa Kichina, kila mtu anapotaka kurudi kijijini na kitu mkononi, vituo vinafurika.

Sheria ipo upande wa fundi kuliko unavyodhani. Sheria ya Mikataba ya Kazi iliyoanza Januari 1, 2008 inamtaka mwajiri atoe mkataba wa maandishi ndani ya mwezi mmoja, asipotoa anadaiwa mshahara mara mbili. Kanuni za malipo kwa wafanyakazi wahamiaji zilizoanza Mei 1, 2020 zinaitaka kampuni kuu ya ujenzi ibebe deni la mkandarasi mdogo. Kabla ya mahakama lazima upite kwenye tume ya usuluhishi na uamuzi ya kazi, kama CMA yetu. Hailipishi ada, inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 45, na muda wa kufungua ni mwaka mzima. Pima hilo na siku 30 alizonazo mfanyakazi wa Tanzania aliyeachishwa kazi.

Kinachogomba ni ushahidi. Fundi anaingia ofisini na simu yenye kioo kilichopasuka, na humo ndimo kesi yake yote ilimo: ujumbe wa sauti wa msimamizi, picha ya pamoja wamevaa kofia za kampuni, muamala mmoja wa pesa ya chakula. Atakayekaa naye saa mbili akipanga vitu hivyo kwa tarehe, akiandika nini kinathibitisha nini, ni wewe mwanafunzi. Hutasimama mbele ya tume. Mgeni haruhusiwi kufanya uwakili China, na hata kampuni kubwa za sheria za kigeni haziruhusiwi kutoa huduma ya sheria za Kichina. Lakini jedwali la vielelezo ulilolipanga ndilo wakili atakaloingia nalo. Wote niliowahi kuwaandaa wanasema hapo ndipo walipojifunza kupanga ushahidi, jambo ambalo madarasa yetu ya sheria, yaliyojaa hukumu za rufaa, hayalifundishi ipasavyo.

Sitakuficha upande mwingine. Mwanafunzi wa kigeni anapofika, wenyeji wake mara nyingi wanaona kitu kimoja: mtu anayejua Kiingereza. Utapewa ripoti za kutafsiri, tovuti ya kusahihisha na maandiko ya kuomba fedha. Wengi wamerudi wamekasirika kwamba miezi yao miwili iliishia kwenye tafsiri. Ushauri wangu ni kukubali sehemu ya kazi hiyo kwa moyo mweupe, maana ni kitu cha kweli unachoweza kuwapa watu wasio na fedha, lakini kubaliana mapema, siku ya kwanza, kwamba siku kadhaa za wiki utakaa chumba cha mapokezi ya wateja. Usipolisema mwanzoni, litakuwa gumu kulisema wiki ya tano.

Kuna mambo matatu yatakayokustua kwa jinsi ulivyofundishwa hapa nyumbani.

La kwanza ni Katiba. Wewe umelelewa na ibara ya 26(2) ya Katiba yetu, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Umesoma shauri la Rebeca Gyumi la 2016, lililobatilisha vifungu vya ndoa za utotoni, na uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2019 uliolithibitisha. China huwezi kuingia mahakamani ukaomba sheria ibatilishwe kwa kukiuka Katiba. Mahakama haina mamlaka hayo. Unachoweza ni kile walichofanya wale walimu wa 2003: kuandika kwa Kamati ya Kudumu ya Bunge kuomba ipime kanuni fulani. Njia hiyo bado inatumika na inazaa matunda kimya kimya. Mfumo wa kuwafungia wanawake wanaouza miili bila kesi, kwa jina la elimu, ulifutwa Desemba 2019 baada ya watu kuandika kwa miaka. Ukipata ofisi inayoandika maombi ya namna hiyo, omba usome rasimu zao zote. Ni aina ya uandishi wa sheria ambayo huku hatuijui, hoja ya kikatiba isiyomwaibisha anayeisoma.

La pili ni dirisha la kufungulia kesi. Kwa miaka mingi kikwazo kikubwa hakikuwa hukumu bali karani aliyeichungulia hati ya madai na kuirudisha bila maandishi, hivyo huna hata uamuzi wa kukatia rufaa. Tangu Mei 1, 2015 mahakama zinatakiwa kusajili kesi yoyote iliyokamilika kifomu, na kama zinakataa zikatae kwa maandishi. Mambo yamekuwa nafuu, lakini kesi ikiwa nyeti dirisha linaweza kuwa zito bado. Utajifunza jinsi wakili mzoefu anavyochagua sababu ya madai. Kesi ya ubaguzi wa kijinsia kazini, kwa mfano, kwa muda mrefu ilikuwa inafunguliwa kama madai ya kukiukwa kwa haki za utu, kwa kuwa karani hakuwa na kisanduku cha ubaguzi kwenye orodha yake.

La tatu ni udogo wa fidia. Mwaka 2014 mahakama ya Hangzhou iliamua kwamba shule ya mapishi ilimbagua msichana ilipomkataa kazi kwa kuwa ni mwanamke, ikampa yuan 2,000. Mhadhiri wa sheria wa Hangzhou aliyeishtaki bustani ya wanyama kwa kumlazimisha kuchukuliwa taswira ya uso alipata yuan 1,038 mwaka 2020. Nani anaendesha kesi miaka miwili kwa pesa hiyo? Anayejua kwamba magazeti yataandika, waajiri watasoma, na mwakani au mwaka wa tano kuna kanuni itabadilika. Kesi ya kijana wa Wuhu aliyekosa ajira serikalini mwaka 2003 kwa sababu ya homa ya ini B, ingawa alifaulu vizuri usaili, haikumpatia kazi. Lakini Sheria ya Kukuza Ajira ya 2007 ikakataza kumnyima mtu kazi kwa kuwa na vimelea vya ugonjwa wa kuambukiza, na mwaka 2010 serikali ikapiga marufuku kumpima mwombaji wa kazi homa hiyo.

Mazingira ndiyo uwanja ambao ningekupeleka kwanza. Sheria ya Kulinda Mazingira iliyoanza Januari 1, 2015, kifungu cha 58, inayaruhusu mashirika yaliyosajiliwa na yaliyofanya kazi ya mazingira miaka mitano mfululizo bila kuvunja sheria yafungue kesi kwa niaba ya umma. Raia mmoja mmoja hana ruhusa hiyo. Siku hiyo hiyo ya Januari mosi, mahakama ya Nanping mkoani Fujian iliipokea kesi ya Friends of Nature na shirika jingine la Fujian dhidi ya wachimba mawe walioharibu mlima, na Oktoba wakashinda. Baadaye ikaja kesi ya tausi wa kijani mkoani Yunnan. Friends of Nature walishtaki mwaka 2017 kuzuia bwawa la umeme lisizamishe makazi ya ndege hao, waliokadiriwa kubaki chini ya 500 nchini humo. Machi 2020 mahakama ya Kunming ikasimamisha ujenzi kabla madhara hayajatokea, na rufaa ya Desemba mwaka huo ikauthibitisha uamuzi. Fikiria mwanafunzi anayekaa na jalada kama hilo, ramani za mafuriko upande mmoja, picha za ndege upande mwingine, na ripoti ya tathmini ya mazingira inayodai ndege hawapo.

Wanashindwa pia. Kwenye kesi ya ardhi iliyochafuliwa na viwanda vya kemikali Changzhou, mwaka 2017 mashirika mawili yalipoteza na kuamriwa kulipa gharama za mahakama yuan milioni 1.89, kiasi cha kuua shirika. Rufaa ya Desemba 2018 ndiyo iliyowaokoa.

Tangu Julai 1, 2017 mchezaji mkubwa zaidi katika kesi hizi ni ofisi ya mwendesha mashtaka. Anaiandikia idara ya serikali pendekezo: mto huu unachafuliwa, wajibu ni wenu, mnafanya nini? Idara ina miezi miwili kujibu, au siku 15 kama jambo ni la dharura. Mashauri mengi yanaishia hapo bila kufika mahakamani. Huko ndani mwanafunzi wa kigeni hawezi kuingia, lakini mapendekezo mengi yanachapishwa, na ukiyasoma utaelewa dola inavyojishtaki yenyewe. Maoni yangu ni kwamba utaratibu huu umesafisha mito mingi, na pia umeifanya nafasi ya shirika la raia kuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa 2015. Vyote viwili ni kweli.

Kuhusu vibali, usikubali mzaha hata kidogo. Viza ya masomo haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Unahitaji barua ya chuo chako ikikubali mafunzo hayo, barua ya ofisi inayokupokea, kisha polisi wa uhamiaji waandike ruhusa hiyo kwenye kibali chako cha ukaazi. Usidanganyike kwamba kwa kuwa hulipwi basi si kazi. Faini ya kufanya kazi kinyume cha sheria ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa kubwa unaweza kuwekwa ndani siku tano hadi 15. Ukihama bweni na kupanga chumba, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Usiende kwa viza ya utalii ukitegemea huruma ya mtu.

Hapo nifike kwenye jambo ninalolihofia kuliko yote. Ukivunja utaratibu, wewe utapandishwa ndege. Wenyeji wako watabaki. Sheria ya kusimamia mashirika ya kigeni, iliyoanza Januari 1, 2017, imeyaweka mashirika hayo chini ya Wizara ya Usalama wa Umma, na shirika la Kichina haliruhusiwi kupokea fedha za shirika la kigeni lisilosajiliwa wala lisilotoa taarifa ya shughuli yake. Kwa hiyo kila mgeni kwenye ofisi ndogo ni swali ambalo mkuu wa ofisi anaweza kuitwa kulijibu. Mwanafunzi mmoja niliyemfahamu alichapisha mtandaoni picha ya mteja akiwa na bango la madai yake, kwa nia njema kabisa, akitaka dunia ijue. Mteja hakuwa ameulizwa. Wakili wake alitumia wiki nzima akieleza kwa wakubwa huyo mgeni ni nani na ametumwa na nani, na kesi ikakaa.

Kwa hiyo: usipige picha wateja. Usihamishe majalada kwenye simu yako wala kwenye hifadhi ya mtandao ya nje, maana Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi iliyoanza Novemba 1, 2021 inahusu hilo moja kwa moja. Usiulize mambo ya siasa kwenye makundi ya WeChat ya ofisi, hata kama mnataniana. Ukiambiwa usije kesho, usije, wala usidai sababu. Usiandike kwenye blogu yako jina la ofisi hata ukiwa umesharudi Tanzania, mpaka uwaulize. Na kama unahisi moyo wako hauwezi kukaa kimya hivyo kwa miezi miwili, hilo si kosa, ila chagua mahali pengine pa kufanyia mafunzo.

Kichina chako cha ngazi ya nne kitakufikisha sokoni na darasani, si kwenye mahojiano na fundi wa Sichuan anayezungumza lahaja ya kwao. Miezi sita kabla, acha vitabu vya mtihani, anza kusoma hukumu. Mahakama za China zilichapisha mtandaoni makumi ya mamilioni ya hukumu kuanzia 2014, na ingawa tangu 2021 zinazowekwa zimepungua sana, zilizopo zinatosha. Chukua hukumu 20 za mishahara ya ujenzi, utaona maneno yanajirudia hadi unayakariri bila kutaka.

Uanzie wapi? Wuhan ni chaguo zuri kwa anayesoma uzamili. Taasisi yake ya sheria ya mazingira ipo tangu 1981, na kliniki za chuo ni njia halali isiyohitaji kuhangaika na mlango wa shirika. Sheria ya Msaada wa Kisheria iliyoanza Januari 1, 2022 inavitambua vyuo vinavyowapeleka wanafunzi wa sheria kutoa ushauri na kuandaa hati kwa kujitolea. Waulize walimu wako kama kliniki yao inapokea wageni. Beijing, mashirika ya kigeni yaliyosajiliwa kama ClientEarth na NRDC yanafanya kazi ya sheria ya mazingira waziwazi pamoja na taasisi za serikali. Nafasi zao zinagombewa, lakini hazimtii mtu hatarini.

Hong Kong usiisahau, ingawa wengi wa kwetu hawaifikirii. Mazingira ya huko yamebana tangu sheria ya usalama wa taifa ya Juni 2020, na China Labour Bulletin, iliyofuatilia migogoro ya kazi tangu 1994, ilifunga Juni 2025. Lakini kazi ya kuwasaidia wafanyakazi wa nyumbani inaendelea, na Kiingereza ni lugha ya mahakama pamoja na Kichina. Wafanyakazi hao ni zaidi ya 300,000, wengi kutoka Ufilipino na Indonesia. Mkataba ukivunjika wana siku 14 tu za kubaki, kwa hiyo anayemshtaki mwajiri anapambana na kalenda ya uhamiaji kabla ya kupambana na mwajiri. Kesi ya Erwiana Sulistyaningsih, Mwindonesia aliyeteswa na mwajiri wake, iliisha Februari 2015 kwa mwajiri kufungwa miaka sita. Wewe unatoka nchi ambayo dada zake wanakwenda Oman kufanya kazi zile zile. Wakenya na Waganda wako Saudia. Ukijifunza jinsi mashirika ya Hong Kong yanavyochukua maelezo ya mfanyakazi aliyenyang'anywa pasipoti, ukarudi nayo Zanzibar au Tanga, kuna watu watakaokuhitaji kesho yake.

Hilo linaingia kwenye swali lako la mwisho, la manufaa ya nyumbani. Juni 26, 2019 baraza la mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu wa megawati 1,050, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Save Lamu na wenzao walishinda kwa hoja za sheria ya Kenya. Lakini fedha zilitarajiwa kutoka benki ya ICBC ya China, na aliyetaka kuifikia benki hiyo alihitaji kujua nani anaisimamia Beijing, kwa miongozo ipi, na barua iandikwe vipi ili isomwe. Benki hiyo ilijitoa Novemba 2020, na Septemba 2021 Xi Jinping alitangaza kwamba China haitajenga mitambo mipya ya makaa nje ya nchi. Mwambao huu una miradi mingi ya namna hiyo, bandari, reli, migodi. Mawakili wetu wanaoweza kusoma mkataba wa mkopo wa Kichina, au kanuni zinazoitaka benki ya China isikilize malalamiko ya wanakijiji wa ng'ambo, ni wa kuhesabika.

Na somo la kufanya kazi mlango ukiwa mwembamba si la Wachina peke yao. Marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi Tanzania aape jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Mkenya ana ibara ya 22 na ya 258 za Katiba yake zinazomruhusu kushtaki kwa niaba ya umma, sisi njia yetu ilibanwa. Nimejikuta mara kadhaa, nikitafuta mteja sahihi wa shauri fulani, nikifikiri kama nilivyofundishwa kule: shauri dogo, mtu halisi, hasara inayopimika, na barua ya heshima kwa idara husika kabla ya kwenda masijala.

Ukiandika barua ya maombi, iandike kwa Kichina, ukurasa mmoja, na uwe umemwonyesha mwalimu wako wa lugha. Usianze na haki za binadamu. Anza na unachoweza kuwafanyia: tafsiri, utafiti wa sheria za kazi za Afrika Mashariki, kulinganisha CMA na tume yao. Itume kupitia mwalimu anayefahamika nao, si kwa anuani ya jumla ya tovuti, na itume Februari, likizo ya mwaka mpya ikiisha, kabla ofisi hazijajaa maombi ya majira ya joto. Rasimu ikiwa tayari nitumie niipitie.